Wakikuambia Usubiri Mpaka Machi

Chuo nilichoomba kilifungua majibu ya maombi ya mapema, yale yanayotumwa Novemba badala ya Januari, katikati ya Desemba, saa moja jioni kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani. Kwetu Dar ilikuwa saa tisa usiku. Niliyasomea sebuleni kwa simu ya mama, nimejifunika khanga ili mwanga usimwamshe mtu. Nilitafuta neno la hongera, sikuliona. Nikatafuta neno la kusikitika, nalo halikuwepo. Nikasoma tena polepole: maombi yangu yamehamishiwa raundi ya kawaida, jibu mwishoni mwa Machi. Asubuhi mama akauliza, "Umepata au umekosa?" Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama mtu aliyefichwa jambo.

Wadogo zangu mnaoomba mwaka huu, eleweni mapema kwamba jibu hilo la tatu, kuahirishwa, lipo. Kuahirishwa si kukataliwa, na wala si ile orodha ya kusubiri, ambayo huja Machi wakati raundi zimekwisha. Faili lako linabaki mezani, litasomwa tena pamoja na ya walioomba Januari. Na hauko peke yako: Desemba 2020 Harvard ilikuwa na maombi ya mapema 10,086, ikakubali 747 na kuahirisha 8,023. Stanford yenyewe huahirisha wachache, wengi huwakataa palepale. Kwa hiyo usikae kupiga ramli na barua yako. Pale wanapoahirisha karibu watu wanane kati ya kumi, barua haikuambii lolote kuhusu ulivyokuwa karibu au mbali.

Kama uliomba kwa ule mkataba wa kuahidi kwenda ukikubaliwa, Early Decision, ukiahirishwa ahadi imekufa. Hata wakikukubali Machi, uko huru kulinganisha misaada ya ada na kuchagua. Wengine hukimbilia raundi ya pili ya mkataba, ya Januari, kwenye chuo kingine. Kwa sisi tunaohitaji kulipiwa karibu kila kitu, mimi nasita. Usiweke sahihi kabla hujazungumza na ofisi yao ya misaada ya fedha.

Kosa langu kubwa nililifanya kabla ya Desemba. Sikuwa nimeandika insha ya chuo kingine hata kimoja. Nilijiambia nikipata hiki, ya nini kujichosha? Tarehe za mwisho za raundi ya kawaida nyingi huangukia siku za kwanza za Januari, kwa hiyo nilibakiwa na wiki mbili na ushee, na tatu kati ya siku hizo nilizipoteza kitandani nikijifanya naumwa. Mwisho nikaomba vyuo saba. Insha tatu kati ya hizo najua zilikuwa mbovu, na najua ni zipi. Andikeni Novemba, wakati mnasubiri. Ukikubaliwa utazitupa, basi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu. Chuo kilichokuahirisha kitataka ripoti ya katikati ya mwaka, yaani alama zako za karibuni, na ripoti hiyo huitumi wewe. Inatumwa na shule. Kidato cha sita muhula wa kwanza unaisha Desemba, shule inafungwa, halafu ndipo majibu ya Marekani yanatoka. Mwalimu wetu wa taaluma ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, na Desemba mnajua wenyewe, Wachaga wote wako nyumbani. Nilimpigia tarehe 27. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, nyuma yake nasikia watu wanacheka na mbuzi analia. "Mwanangu, mimi niko kihambani, shambani kwetu," akasema. "Mhuri uko ofisini. Alama zako ziko kwenye kaunta buku, kabatini. Na ile akaunti yenu ya kupelekea ripoti kwa Wamarekani, neno la siri sina, lilikuwa kwenye laini ya zamani."

Nilikasirika, ila ukweli ni kwamba makosa yalikuwa yangu. Ripoti hii kwa kawaida husubiriwa mpaka Februari, kwa hiyo tuliwahi: shule ilipofunguliwa Januari nilikuwa mlangoni kwake siku ya kwanza, tukakaa saa nzima kurudisha neno la siri, yeye akiandika kwa kidole kimoja. Wewe mwone kabla shule haijafungwa. Hakikisha anaweza kuingia kwenye akaunti yake, mwachie tarehe kwenye karatasi, mwombe akupe namba yake inayopatikana likizo. Na mwombe kwa adabu, kazi hiyo halipwi.

Mliomaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari huko Kenya, hali yenu ni tofauti. Hamna muhula wa kuripoti, lakini matokeo yenu hutoka karibu na Januari, na kwa aliyefaulu vizuri hakuna habari nzito kuliko hiyo. Yakitoka, shule iyatume bila kungoja kuulizwa.

Kisha kuna barua ya kuwaambia kwamba bado unakitaka chuo chao. Kwanza soma maelekezo waliyokupa mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu kila chuo kina utaratibu wake. MIT, kwa mfano, huwa na fomu yake ya Februari. Wengine wanasema wazi hawataki barua, na wakisema hivyo waamini.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, lakini mwendo ni uleule wa barua za kuomba kazi halmashauri: anuani mbili, kichwa cha habari kwa herufi kubwa kimepigiwa mstari, halafu "husika na kichwa cha habari hapo juu". Chini yake aya nne za kuwasifu wao na kueleza nilivyoumia. Mshauri wa EducationUSA, ofisi ya serikali ya Marekani ya kushauri wanaotaka kusoma huko, pale Dar (wako na Nairobi pia, kuuliza ni bure) aliisoma akaniuliza swali moja: tangu Novemba umefanya nini ambacho hawakijui?

Kilikuwepo kimoja. Pampu ya kisima cha shule inatumia sola, na kila alasiri tangi lilikuwa linakwama nusu. Mimi na wenzangu wawili wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) tulipima volti kila saa kwa wiki tatu. Pampu ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mwembe: kuanzia saa nane mchana kivuli chake kilikuwa kinalala juu ya paneli mbili. Tukapunguza matawi. Hilo ndilo nililoandika, na jedwali dogo la namba, na sentensi moja kwamba chuo chao bado ni chaguo langu la kwanza. Ukurasa haukujaa. Nikaituma mwishoni mwa Januari, mara moja tu, alama zilipokwisha kwenda.

Vingine viacheni. Msitume vyeti vya kuhudhuria semina, wala barua kumi za mapendekezo. Mjomba wangu alitaka kumpigia mtu anayemfahamu ubalozini. Nilimshukuru nikamzuia, maana ubalozi unatoa viza, haugawi nafasi za chuo.

Mwishoni mwa Machi nilitega kengele saa tisa usiku, kama Desemba. Nilisahau kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele mwezi huo. Majibu yalikuwa yametoka tangu saa nane, nikaamka nimeshachelewa. Chuo cha Desemba kilisema hapana, safari hii bila kuzunguka. Kati ya vile saba, viwili vilinikubali. Kimoja msaada wake haukufika hata nusu ya ada. Cha pili ndiko niliko sasa, na insha yake niliiandika tarehe 29 Desemba, juu ya simu ile ya kihambani.

Mama alikuwa ameshaamka. Yeye nilimwambia palepale. Mwalimu wa taaluma nikampigia asubuhi. Alifurahi, akanyamaza kidogo, akauliza kama kuna fomu nyingine. Ipo, nikamwambia, ripoti ya mwisho, matokeo ya NECTA ya kidato cha sita yakitoka Julai.

"Sawa," akasema. "Safari hii neno la siri nimeliandika ukutani."