Kusafisha picha ya Thanjavur yenye dhahabu

Ndugu yangu, kabla hujaifuta hiyo picha ya Krishna, mungu wa Kihindu, iliyochorwa kwa mtindo wa Thanjavur wa kusini mwa India, kwa kitambaa chenye maji ulivyokusudia, nakusihi uache. Taji na mkufu vilivyoinuka ni unga wa chokaa uliokandwa kwa gundi, na dhahabu imebandikwa juu yake kama ngozi nyembamba. Unyevu ukipenya, chokaa hulainika na dhahabu hubanduka. Kuirudisha ni kazi ya fundi tu.

Pangusa vumbi kwa brashi laini, kavu kabisa, polepole hasa pembeni mwa vile vijiwe vya kioo vilivyobandikwa kwenye picha. Kisha itie kwenye fremu yenye kioo kisichogusa dhahabu. Kama unaiwashia taa ya ibada, isogeze mbali kidogo, moshi wa mafuta huganda. Ukiona rangi ya kijani kwenye dhahabu, huenda si dhahabu halisi bali ni karatasi ya shaba.