Unga wa siri kwenye mchuzi hauachishi pombe

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 44, tunaishi Tabata. Anakunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue. Juzi amesema mwenyewe kwamba amechoka, anataka kuacha. Nasikia kuna vikundi vya watu walioacha pombe ambao hukutana na kusaidiana. Hapa Dar nitavipata wapi? Na wakati nikitafuta, shoga yangu amenipa unga wa kumtilia kwenye mchuzi bila yeye kujua. Nianze nao?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Unga huo utupe leo.

Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kuuona. Mke au mama wa mnywaji anakaa mbele yangu, tunazungumza vizuri, kisha anatoa kikaratasi mkobani: “Daktari, na hii je?” Wauzaji wanaahidi siku saba, na mnywaji hatajua kitu. Dawa ya namna hiyo haipo. Iliyopo ni disalfiramu, ya hospitali, na inafanya kazi tofauti kabisa na wanavyodai hao. Inauzuia mwili kumalizia kuivunjavunja pombe, ndipo sumu iitwayo asetaldehaidi inapojaa kwenye damu. Mtu akinywa, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inashuka, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Ndiyo maana haitolewi kwa mtu ambaye hajamaliza angalau saa 12 bila pombe, wala haitolewi bila yeye kujua na kukubali. Hata akiacha kuimeza, bia anayokunywa ndani ya wiki mbili inaweza kumwangusha. Sasa chukua mume anayezimua kila asubuhi, mtilie kitu cha namna hiyo kwenye mchuzi, kisha jioni apitie baa kama kawaida. Na huo ni mfano wa dawa inayojulikana; unga wako hauna hata jina.

Mume wako amekwambia kwa kinywa chake kwamba anataka kuacha. Wake wengi wanaokuja kwangu wangetoa chochote kulisikia neno hilo. Akigundua unga, utakuwa umelipoteza.

Kutetemeka kwake asubuhi kunanitisha zaidi. Hapa Dar neno arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, tumelizoea kwa watumiaji wa heroini, na watu wanadhani ya pombe ni nyepesi. Si kweli. Arosto ya heroini inatesa sana lakini ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa, kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo. Kwa hiyo asiache ghafla nyumbani. Mpeleke kliniki ya afya ya akili, Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Mwananyamala au Temeke. Atapimwa, na akihitaji atapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Usikubali dripu ya glukosi tupu ya mtaani. Mnywaji wa muda mrefu aliyeishiwa B1 anaweza kuumia ubongo. Wala usiulizie dawa ya methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011. Ile ni ya kutibu waraibu wa heroini.

Kikundi sasa. Hapo hapo kliniki, muulize muuguzi au afisa ustawi wa jamii, kwa sababu siku na mahali pa mikutano hubadilika na wao hupata habari kwa wanaohudhuria. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya vikundi hivyo vya walioacha pombe, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ina tovuti yenye mawasiliano ya nchi mbalimbali, na ina mikutano mingi kwa njia ya intaneti. Angalia saa: mkutano wa saa saba mchana New York kwako ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Uliza pia lugha kabla hajaingia. Mtu hawezi kusimulia aibu yake kwa Kiingereza cha kubabaisha. Mkutano wa wazi hata wewe unaruhusiwa kukaa. Wa faragha ni wa wenye tatizo tu. Ndugu wa wanywaji wana wao, Al-Anon, tangu 1951, na wewe unauhitaji.

Uanachama hauna ada. Kikapu kikipita, mwenye chochote anatia. Sharti ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Basi akitokea mtu anayejiita kikundi, akadai laki kadhaa kabla mgonjwa hajaonwa na daktari, ondoka. Na ninyi wengine mnaosoma, mnaomfungia kaka chumbani Ijumaa ili “aikaushe” hadi Jumapili: hizo ndizo saa za degedege, na mnakuwa mmemfungia mlango. Akianza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, au kuanguka na kukakamaa, msisubiri kupambazuke. Tafuteni gari usiku huo huo, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mkifika mapokezi semeni wazi kwamba ni pombe na alikunywa mara ya mwisho lini. Ndugu wengi husema malaria kwa kuona haya, na tunapoteza saa nzima kutafuta malaria.