Kuskusi haina ladha? Anza na maji unayoinywesha

Dada mleta mada, nimesoma uzi wote mpaka hapa. Umenunua pakiti ya kuskusi supamaketi, ukafuata maelezo ya pakiti, ukapata bonge zito lisilo na ladha. Ukalichanganya na nyanya na tango ukitumaini saladi ingesaidia, na kazini hakuna aliyeongeza sahani ya pili. Sasa unauliza ubadilishe chapa au uongeze viungo gani juu yake. Chapa iache. Mimi naishi Brussels, mtaa wenye Wamoroko wengi, na kuskusi ni chakula cha kila wiki nyumbani kwangu. Njia yangu nilielekezwa na mama mmoja wa Kimoroko wa jengo letu, na ninaamini itakufaa hata kama jikoni una jiko la mkaa na sufuria mbili tu.

Kwanza nimjibu aliyesema hapo juu kwamba kuskusi ni nafaka ya peke yake, jamaa wa uwele. Hii ya pakitini ni ngano. Ni semolina ya ngano ngumu, ile ile inayotengeneza tambi, inanyunyiziwa maji na kuviringishwa mpaka iwe chembe ndogondogo, halafu inapikwa kwa mvuke na kukaushwa. Kwa hiyo aliyekatazwa ngano na daktari asiiguse. Kuskusi ya uwele ipo pia, Wasenegali wanaipika na kuiita thiéré, na watu wa Dodoma na Singida wangeifurahia sana, ila siyo hiyo uliyonunua.

Kutoka hapo ndipo shida yako inapoeleweka. Chembe hizo zimeshaiva kiwandani. Hazitaki kuchemshwa, zinataka kunywa. Na zinakunywa mara moja, ndani ya dakika chache, zikishashiba hazipokei kitu kingi tena. Ulichoinywesha ndicho utakachokula. Hakuna mpishi wa pilau anayechemsha mchele kwa maji matupu kisha akanyunyizia bizari sahanini, lakini kuskusi watu wanaitendea hivyo kila siku.

Basi andaa supu kabla hujafungua pakiti. Supu ya kuku au ya mifupa ni nzuri, ila ya mboga inatosha kabisa: kaanga kitunguu maji, punje tatu za kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba (Wazanzibari wanaiita uzile), manjano kidogo, kijiti cha mdalasini, kisha maji na chumvi. Iache itokote robo saa, uichuje. Ionje. Iwe na chumvi kupita kidogo ile ambayo ungependa kuinywa, kwa sababu chembe zitaipunguza makali.

Wakati supu inachemka, mwaga kuskusi kwenye bakuli pana, tia vijiko viwili vya mafuta kwa kila vikombe viwili, na usugue kwa ncha za vidole mpaka kila chembe ing'ae. Hatua hii ndiyo inayozuia mabonge, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mafuta ya zeituni ni ghali huko nyumbani, najua, kwa hiyo kusugulia tumia alizeti na ya zeituni uyatunzie mchuzi wa saladi. Kisha mimina supu ya moto kabisa. Kipimo cha kawaida ni kikombe kwa kikombe. Kwa saladi mimi napunguza vijiko vitatu vya chakula kwa kila kikombe, maana nyanya na limau zitaleta maji yake baadaye. Funika, subiri dakika saba au nane bila kufunua wala kukoroga. Halafu chambua kwa uma ukianzia pembeni. Mwiko unaponda. Ikipoa kidogo maliza kwa vidole, kisha itandaze kwenye sinia mvuke utoke. Ukiiacha imerundikana bakulini inaendelea kujipika kwa joto lake na kushikana upya.

Sasa saladi yenyewe. Ninachokiona kwenye picha yako ni kuskusi nyingi yenye mboga za kupambia. Geuza. Walebanoni wanapotengeneza tabule yao, ambayo hutumia bulga (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa), bakuli linakuwa la kijani kabisa na ngano inaonekana hapa na pale. Wafaransa wameichukua tabule wakaweka kuskusi, na ile ya kwenye vikopo vya supamaketi zao ni kavu na nzito, kwa sababu wameongeza nafaka na kubana majani. Mimi naweka nanaa na giligilani kwa wingi, kiasi kwamba majani na mboga vikiwa pamoja vinazidi kuskusi. Osha majani, yakaushe vizuri kwa kitambaa, yakate kwa kisu kikali mara moja tu. Yasitiwe kwenye kuskusi ya moto, yatanyauka na kuwa meusi.

Nyanya na tango toa mbegu, kata vipande vidogo, nyunyiza chumvi, weka kwenye chujio juu ya bakuli kwa robo saa. Maji yatakayotoka kwenye nyanya usiyamwage! Yatie kwenye mchuzi. Huo nautengeneza hivi: punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi kwenye kinu, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, limau sehemu moja, mafuta ya zeituni sehemu mbili. Nusu ya mchuzi mwagia kuskusi ikiwa bado vuguvugu, hapo inaupokea. Nusu nyingine mwagia dakika tano kabla ya kula.

Halafu tafuta vitu vya kushtua ulimi. Korosho za kukaanga, zabibu kavu zilizolowekwa kwenye maji ya moto, komamanga zikiwa msimu, dengu kubwa nyeupe zilizochemshwa zikaiva vizuri, biringanya iliyochomwa. Usitie vyote kwa pamoja, chagua vitatu. Wamoroko wana malimau yaliyokaa kwenye chumvi na maji yake yenyewe kwa mwezi mmoja au zaidi. Wanatupa nyama ya ndani na kukata ganda vipande vidogo sana. Kwetu pwani tunajua kuloweka ndimu kwa achari, kwa hiyo kazi hiyo haitakuwa ngeni kwako. Weka chupa moja yenye malimau na chumvi tupu, bila pilipili, uisahau kabatini. Ganda hilo kidogo tu linabadilisha bakuli zima.

Mdau mmoja ameuliza kama kweli Waarabu wenyewe wanaipika kwa kumwagia maji ya moto. Siku ya kazi, wengi ndiyo. Ijumaa, mama niliyemtaja haigusi njia hiyo. Anapika nyama na mboga kwenye sufuria ya chini, na juu yake anaweka chombo chenye matundu kiitwacho kiskas. Mahali vyombo vinapokutana anazungusha kitambaa kilichopakwa unga wa maji, ili mvuke usipotee. Kuskusi inapikwa kwa mvuke huo, inamwagwa kwenye sinia kubwa, inanyunyiziwa maji ya chumvi, inasuguliwa kwa mafuta au siagi, inarudishwa, mara mbili hadi tatu. Chembe zinavimba, zinakuwa nyepesi sana, na zimebeba harufu ya supu kabla hata supu haijamiminwa. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ujuzi wa kuskusi kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia, na ukimtazama mama huyu akifanya kazi unaona wazi kwamba ni ujuzi wa mikono. Huna kiskas? Chujio la chuma linaloketi vizuri juu ya sufuria linatosha, ilimradi maji yasifike kwenye kuskusi.

Na ukitaka kuwapikia wageni usiku, acha saladi uwapikie tfaya, yaani vitunguu vitamu vya Kimoroko vya kuweka juu ya kuskusi. Vifaa vyake vyote unavyo. Kilo moja ya vitunguu maji, kata vyembamba, weka kwenye sufuria pana na siagi, mafuta kidogo, tangawizi ya unga, mdalasini, pilipili manga, zafarani au manjano. Moto mdogo. Vikishalainika na maji yake kukauka tia zabibu kavu na vijiko viwili vya asali, uendelee mpaka viwe vya rangi ya kahawia na vinate. Yote inachukua karibu saa moja, na haiwezekani kuharakishwa, moto mkubwa unaleta uchungu. Juu ya kuskusi unaweka kuku aliyechemshwa kwenye supu ile ile, kisha tfaya juu ya kuku, na lozi au korosho za kukaanga. Mtu wa pwani aliyezoea pilau na vitunguu vya biriani atakipenda chakula hiki mara ya kwanza tu.

Watunisia wanakula ya samaki, mchuzi mwekundu wa nyanya na harisa, yaani pilipili nyekundu kavu zilizolowekwa, zikapondwa na kitunguu saumu, chumvi, mbegu za giligilani na mafuta. Ukiwa Dar na changu freshi wa soko la samaki la Feri, hii ni ya kujaribu Jumapili.

Kuhusu kubeba kazini: kuskusi iliyopikwa isikae kwenye joto la Dar zaidi ya saa mbili. Ipoze kwenye sinia, weka friji, ibebe ikiwa baridi, nyanya na majani uvichukue kwenye kopo la pembeni. Friji siku tatu inatosha. Ikitoka humo itakuwa imekauka na kupoa ladha, kwa hiyo iongezee limau na chumvi kidogo kabla ya kula.

Na aliyeuliza kuhusu zile chembe kubwa za mviringo kama lulu, hizo ni kitu kingine jikoni. Zichemshe kama tambi kwenye maji mengi ya chumvi, uzichuje, ndipo utie mchuzi.