Diwani mwenye maslahi: kunyamaza hakutoshi, atoke ukumbini

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kuhusu diwani wenu mwenye milango ya maduka sokoni. Baraza lilipojadili kodi mpya ya milango hiyo alisema "mimi sipigi kura", akabaki kitini hadi mwisho. Unataka kujua kama alifanya sawa, na kunyamaza kwake kumehesabiwa vipi. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa vikao katika baraza moja hapa Pemba, kazi yangu kuandika muhtasari, kwa hivyo haya nimeyaona kwa karibu.

Kwa maoni yangu hakufanya sawa. Kujizuia kupiga kura ni jambo moja, kujitoa ni jambo jengine. Anayejizuia ni mjumbe aliyesikiliza, pengine amechangia, na mwisho hakuridhika na upande wowote. Hiyo ni haki yake. Anayejitoa ni yule mwenye chake ndani ya ajenda: mlango wake, kiwanja cha mkewe, zabuni ya shemeji yake. Huyu atangaze maslahi yake mara tu ajenda inapofunguliwa, asichangie, asipige kura, na atoke nje mpaka jambo liishe.

Hapo pa kutoka nje ndipo wengi wanapopuuza. Tulikuwa na ajenda ya kukodisha ukusanyaji wa ushuru wa diko, pale wavuvi wanaposhusha na kuuza samaki. Mjumbe mmoja alitangaza vizuri kabisa kwamba mmoja wa walioomba ni kaka yake, akasema hatochangia wala hatopiga kura. Akabaki. Kila aliyesimama kuhoji bei ya yule kaka alimtazama yeye kwanza, na sauti ikashuka. Mjumbe mwengine alikuja na karatasi ya hesabu, mapato ya diko ya mwaka uliopita. Niliona akiikunja akairudisha mfukoni. Zabuni ikapita bila ya hesabu ile kusomwa. Ukisoma muhtasari huoni kasoro, lakini mjadala haukuwa huru. Sisi tunaoana na kuzikana; nani atamsema kaka wa mtu mbele ya macho yake, kisha wakutane msikitini magharibi?

Kwengine wameliona hilo. California diwani mwenye maslahi ya fedha kwa kawaida hutakiwa ayataje kisha aondoke chumbani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2011, haruhusiwi kushiriki mjadala wala kura, na akishiriki bila ya sababu ya msingi ni kosa la jinai.

Sasa hesabu. Usiulize tu "ndiyo zilikuwa ngapi", uliza zinapimwa dhidi ya nini. Chukua baraza la wajumbe 20, wamehudhuria 15: ndiyo 7, hapana 5, watatu wamejizuia. Kanuni ikisema wingi wa waliopiga kura, hoja imepita, 7 kwa 5. Ikisema wingi wa waliohudhuria, zinatakiwa 8, imeanguka. Ikisema wingi wa wajumbe wote, zinatakiwa 11, imeanguka pia. Kwa kanuni ya kwanza anayenyamaza hana uzito wowote. Kwa mbili zinazofuata, kunyamaza kwake ni sawa na hapana. Wengi mtakumbuka Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014: kupitisha katiba ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bara, kila upande peke yake. Ndiyo maana wajumbe waliosusia wakatoka nje ya Bunge lile waliendelea kuwa na uzito kwenye hesabu ingawa viti vyao vilikuwa vitupu.

Kuna na kura ya sauti. Mwenyekiti anauliza wanaoafiki, wasioafiki, kisha anasema walioafiki wameshinda. Hapo aliyenyamaza haonekani popote, wala huwezi kujua baadaye kama diwani wenu kweli hakuitikia. Ajenda yoyote ambayo mjumbe ametangaza maslahi, mimi naona ipigiwe kwa mikono na majina yaandikwe. Na mwenyekiti aseme mapema kama aliyetoka anahesabiwa kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, kabla mtu hajalitumia hilo kuvunja kikao.

Lakini tusimfungie kila mtu mlango. Ada ya taka inayolipwa na kila nyumba haimfanyi diwani awe na maslahi ya kumtoa. Anailipa kama sisi. Vile vile undugu wa mbali, maana kisiwa hichi ukiutafuta utamtoa kila mtu. Kodi ya milango ya soko ni tofauti: wenye milango ni wachache na yeye yumo.

Kwa upande wenu, andikeni barua kwa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, muombe kanuni za kudumu zinazoongoza vikao na sehemu ya muhtasari inayohusu ajenda hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar ni Na. 7 ya 2014; isomeni pamoja na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 4 ya 2015, iliyoanzisha Tume ya Maadili. Katika muhtasari tafuteni mambo matatu: alitangaza saa ngapi (kabla au baada ya mjadala kuanza), aliandikwa kuwa ametoka au yumo, na kura zilihesabiwa vipi. Kama hakuna hata moja lililoandikwa, muombeni diwani mwengine aliinue wakati wa kuthibitisha muhtasari, kikao kijacho. Baada ya kuthibitishwa, kuubadilisha ni kazi ngumu.