Yagi mbili (antena za redio zinazorusha zaidi upande mmoja) kwa mnara mmoja: mmeuliza, najibu

Niko Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Bado nahitaji mnara wa antena?

Unahitaji ndugu yangu, hiyo 1,850 haisaidii kitu kama mbele yako ni shamba tambarare, maana mawimbi yanapiga ardhi ya hapo hapo yanaruka, na urefu kutoka hiyo ardhi ndio unaamua yataondoka kwa pembe gani. Ila ukiwa kwa ukingo wa Menengai na mteremko unashuka upande unaotaka kuongea nao, aisee umebarikiwa.

Nina mnara wa mita 18 Kakamega na yagi mbili za bendi tatu, 14, 21 na 28 MHz. Nizipange aje?

Moja kileleni, nyingine mita 9. Kwa 28 MHz urefu wa wimbi moja ni kama mita 10.5 hivi, hiyo nafasi ya mita 9 iko poa sana na utaiskia, lakini kwa 14 MHz wimbi ni mita 21, antena zinakaribiana mno na ile ya chini haijafika hata nusu wimbi kutoka chini, inarusha juu juu tu. Kwa hivyo lazima uweke swichi: ya juu peke yake, ya chini peke yake, ama zote. Kwa 14 mi ningetumia ya juu kwa Ulaya, ya chini nawaachia majirani kama Ethiopia. Na usitarajie desibeli (kipimo cha ongezeko la nguvu) nyingi, kwa kawaida hata 3 hufikishi, utamu wake ni ile nguvu iliyokuwa inapotea angani kurudishwa chini kwa upeo wa macho. Ya chini haizunguki vizuri kwa sababu ya nyaya za kushikilia mnara, ifunge ikiangalia Ulaya, kaskazini ikilalia magharibi.

Kila moja ilikuwa sawa, nimeziunganisha SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwa kebo, nzuri ni 1) imeenda 2 na naskia vibaya kuliko moja!

Hayo ni makosa mawili. Antena mbili za ohm 50 (kipimo cha ukinzani) ukiziunga sambamba ni 25, weka transfoma ya kurudisha 50. Kuskia vibaya, angalia kama moja umeifunga kinyume, waya wa kati wa kebo uko kushoto kwa hii na kulia kwa ile, zinauana. Ilinipata mimi, nilipanda mnara siku mbili nikipima kebo kumbe kebo ziko sawa. Lakini zipime pia, aina moja urefu mmoja.

Na radi za huku Kisumu?

Hapo sina mchezo. Kila mguu wa mnara uwe na fimbo yake ya shaba, zote ziungwe na earth ya nyumba, na kebo uichomoe huko nje ya ukuta kabla mawingu ya alasiri hayajafika.