Radhi inaombwa ukurasa wa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama maadili ya magazeti yasimamiwe na Serikali au na chombo huru. Mimi nina swali linalotangulia hilo: gazeti likishamkosea mtu, radhi inaombwa ukurasa wa ngapi?

Kaka yangu alikuwa na duka la dawa za mifugo hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Asubuhi moja gazeti lilitoka na habari ya chanjo bandia za kuku, na picha ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ya duka lake: mlango wa kijani, mifuko ya pumba kibarazani, na yeye mwenyewe ameinama nyuma ya kaunta. Duka lililokutwa na chanjo hizo lilikuwa mtaa mwingine kabisa. Kufikia Ijumaa, wafugaji wa Kibosho na Old Moshi ambao kwa miaka mingi walikuwa wakikopa kwake walipita upande wa pili wa barabara. Tulipanda basi mimi na yeye hadi Dar es Salaam. Mhariri alitupokea kwa heshima, akakiri kosa, akaandika majina yetu kwenye daftari. Siku ya 11 radhi ilitoka: mistari minne, ukurasa wa 14, chini ya ratiba ya ligi, bila picha. Kaka aliikata kwa wembe akaibandika kwenye kioo cha kabati la dawa, lakini waliohitaji kuisoma walikuwa wameshaacha kuja.

Baadaye mwalimu mmoja mstaafu alitueleza kwamba Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa na wanahabari na wadau wao mwaka 1995, husuluhisha malalamiko kama hayo. Kaka alikuwa ameshachoka. Tena Baraza hilo husimama juu ya ridhaa ya vyombo vyenyewe, ndiyo maana nilianza kuandika barua hii nikitaka sheria yenye meno.

Sheria tuliipata, ile ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mwaka uliofuata Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo kwa jirani zetu Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Katika yote hayo sioni mahali ambapo kaka angerudishiwa jina lake. Gazeti likifungiwa, hata ile mistari minne haitoki.

Basi nachagua chombo huru, japo shingo upande, na kwa sharti kwamba radhi itoke ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, pamoja na picha ikiwa kosa lilikuwa la picha. Gazeti likikaidi, sijui nilifanye nini, kwa sababu kila adhabu ninayoifikiria inahitaji mtu wa kuitekeleza, na mtu huyo ndiye ninayemwogopa.