Jibu: Matundu ya utepe wa teleprinta yaligeukaje kuwa namba

Ndugu aliyeuliza utepe wa karatasi wa teleprinta (mashine ya kuchapa na kupeleka ujumbe kwa waya) uliwezaje kuingiza data kwenye kompyuta za mwanzo, nitamjibu kama mtu niliyekaa mbele ya mashine ya teleksi, yaani mtandao wa teleprinta, jijini Dar es Salaam miaka ya 1980.

Utepe wetu ulikuwa na nafasi tano za matundu kwa kila herufi, yaani michanganyiko 32 tu, isiyotosha herufi na tarakimu kwa pamoja. Ndiyo maana palikuwa na kitufe cha kuhamia kwenye herufi na kingine cha kuhamia kwenye tarakimu. Karani asipokibonyeza hicho cha pili, 12345 humfikia mteja ikiwa QWERT. Mpangilio wenyewe wa matundu ulitokana na mvumbuzi Donald Murray, aliyezipa herufi zinazojirudia sana katika Kiingereza matundu machache ili mtambo usichakae upesi. E ilipata tundu moja. Kwa mpeleka habari hilo ni jema, lakini kwa anayetaka kujumlisha ni adha, kwani kitufe hichohicho ndicho cha 3, na tundu lile halina uhusiano wowote na thamani ya 3.

Kundi la mwanasayansi Maurice Wilkes huko Cambridge, Uingereza, ambalo kompyuta yake EDSAC ilianza kufanya kazi tarehe 6 Mei 1949, lilichukua vifaa vya teleprinta likabadili msimbo, yaani matundu yapi yasimamie herufi ipi. Q ikawa 1, W ikawa 2, E ikawa 3, hadi O iliyokuwa 9, na P ikawa sifuri, zote katika namba za mfumo wa jozi, unaotumia 0 na 1 tu. Hivyo tarakimu iliposomwa, thamani yake ilikuwa tayari. Herufi nazo zilikuwa amri zenyewe: A ni kujumlisha, S ni kutoa, na matundu yake yaliingia moja kwa moja kama msimbo wa amri. Kazi ya kugeuza anwani za kumbukumbu zilizoandikwa kwa desimali, yaani namba za kawaida, ilifanywa na maagizo ya mwenzao David Wheeler, yaliyohifadhiwa kwenye swichi za mitambo ya simu. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uungwana mkubwa kwa mtumiaji, kwa kuwa wenzao wa kompyuta ya Manchester waliuacha msimbo wa teleprinta kama ulivyokuwa, wakamtaka mtu akariri alama zote 32 kama tarakimu.

Kuhusu kufuta kosa, sisi tuliurudisha utepe nyuma na kutoboa nafasi zote tano, mashine ya upande wa pili ikapita bila kuchapa kitu. Msimbo wa herufi za kompyuta uitwao ASCII, wa mwaka 1963, wenye biti saba (nafasi za 0 au 1), uliirithi mbinu hiyo: alama yake ya kufuta ni 127, yaani matundu yote saba.